Alama na Muktadha Wake: Namna ya Kusoma Vipimo vya Kipakatalishi cha Mtumba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kusoma tarakimu zinazotolewa na programu za kupimia nguvu za kompyuta, hasa pale tarakimu hizo zinapotumiwa kuuzia kipakatalishi cha michezo kilichokwisha kutumika. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini idara ya lugha. Tuchukue mfano wa mtafiti aliyeko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambaye amerekodi masimulizi ya wazee kwa Kipsigis na kwa Kiswahili. Programu za siku hizi zinazogeuza usemi kuwa maandishi hufanya kazi upesi zaidi zikiwa na kadi ya grafiki yenye nguvu, na kadi ya namna hiyo hupatikana zaidi katika vipakatalishi vilivyoundwa kwa ajili ya michezo. Kwa kuwa kipya ni ghali, mtafiti hutafuta cha mtumba, naye muuzaji humwonyesha alama kubwa kwenye kioo. Akiisoma vibaya, akiba yake ya muda mrefu imepotea, na kanda zake zabaki bila kunukuliwa.

Hoja yetu ni kwamba alama ya kipimo ina tabia ya neno: haina maana kamili mpaka muktadha wake ujulikane.

2. Alama na toleo la kipimo

Msomaji wa Kenya anao mfano wa karibu. Katika mtihani wa KCPE, jumla ya alama ilikuwa 700 hadi mwaka 2000. Tangu mwaka 2001 hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, jumla ilikuwa 500. Kwa hiyo alama 420 za mwaka 1999 si sawa na alama 420 za mwaka 2019, ijapokuwa tarakimu ni zile zile.

Programu za upimaji zina hali hiyo hiyo. Geekbench, mojawapo ya zile zinazotumiwa sana, hulinganisha kila mashine na mashine moja iliyoteuliwa kuwa kigezo. Katika toleo la 4 kigezo kilikuwa prosesa ya Core i7-6600U, iliyopewa alama 4000. Katika toleo la 5 kigezo kilikuwa Core i3-8100, iliyopewa alama 1000. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2023, lilichukua Core i7-12700 na kuipa alama 2500. Ni dhahiri kwamba tarakimu za matoleo haya haziwezi kuwekwa katika safu moja. Aidha, kila toleo hutoa alama mbili: moja ya kiini kimoja cha prosesa kikifanya kazi peke yake, na nyingine ya viini vyote kwa pamoja. Muuzaji hupenda kuitaja ile iliyo kubwa. Mnunuzi na aulize kwanza: ni programu gani, toleo gani, na alama ipi kati ya hizo mbili?

3. Jina moja, vitu mbalimbali

Wanaisimu wanaijua vyema homonimia, yaani hali ya umbo moja la neno kubeba maana zisizohusiana. Katika biashara ya kompyuta hali inayofanana nayo yaweza kumgharimu mtu. Kadi iitwayo RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani na kwa ajili ya vipakatalishi pia. Ile ya mezani iliyotoka mwaka huo hutumia umeme wa wati 170 na ina kumbukumbu ya gigabaiti 12. Ile ya kipakatalishi ina gigabaiti 6, nayo huruhusiwa kutumia wati 60 hadi 115, kadiri mwenye kuunda mashine alivyoamua. Hivyo vipakatalishi viwili vyenye kadi ya jina moja vyaweza kutofautiana sana, na alama iliyopatikana kwenye kompyuta ya mezani haithibitishi lolote juu ya kipakatalishi. Jina la kadi lisichukuliwe kuwa fasili yake.

4. Muda, joto na umeme

Mchumaji wa chai hahesabiwi mavuno yake kwa kapu la saa ya kwanza. Vivyo hivyo mashine isihukumiwe kwa jaribio la dakika moja, wakati ambapo bado ni baridi. Kipakatalishi kilichotumika miaka mingi huwa na vumbi katika feni, na krimu ya kupitisha joto huwa imekauka. Joto linapozidi, mashine hujipunguzia kasi ili isiungue. Programu ya 3DMark ina jaribio la uvumilivu ambalo hurudia kazi moja mara 20; mashine hufaulu ikiwa mzunguko wake wa polepole kabisa haukupungua chini ya asilimia 97 ya ule wa haraka kabisa. Kwa mnunuzi wa mtumba, jaribio hili lina manufaa zaidi kuliko alama ya mara moja.

Mahali nako kuna athari. Katika mwinuko wa karibu mita 2000, kama ulivyo katika sehemu nyingi za nchi hii ya chai, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, na feni huondoa joto kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Kwa upande mwingine, hewa yenyewe ni baridi kuliko ya Mombasa. Ndiyo sababu yafaa mashine ipimwe pale itakapotumika. Tena ipimwe ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kisha ikiwa kwenye betri, maana vipakatalishi vya michezo hupungua nguvu sana vikitegemea betri.

5. Yasiyosemwa na alama

Alama ya jumla huficha mizani iliyotumika. Katika kipimo cha Time Spy, kadi ya grafiki hupewa uzito wa asilimia 85 na prosesa asilimia 15. Mizani hiyo inawafaa wachezaji. Anayetaka kutafuta maneno katika matini nyingi, kazi ambayo kwa kawaida huitegemea prosesa, hafaidiki nayo sana.

Zaidi ya hayo, alama haisemi kama kazi itaenea katika kumbukumbu. Programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ina modeli za ukubwa mbalimbali: ile ya wastani huhitaji takriban gigabaiti 5 za kumbukumbu ya kadi, na ile kubwa takriban gigabaiti 10. Kadi ya gigabaiti 6 itaimudu ya kwanza na kushindwa na ya pili, hata alama yake ikipendeza namna gani. Na Whisper ilifunzwa Kiswahili; Kipsigis hakimo katika orodha ya lugha zake. Hakuna alama iwezayo kuziba pengo hilo.

6. Hitimisho

Mnunuzi na aanze na kazi yake, sio na tarakimu ya muuzaji. Ajue kwanza kumbukumbu anayoihitaji. Kisha aulize wati za kadi. Halafu aombe jaribio refu lifanywe mbele yake, kwa toleo linalojulikana. Baada ya hapo tu ndipo alama itakuwa imepata maana. Na kanda za Kipsigis zitaendelea kunukuliwa kwa sikio na kwa mkono wa mjuzi wa lugha hiyo. Gharama ya kazi hiyo nayo iwekwe katika hesabu kabla fedha zote hazijaishia kwenye mashine.