Kabla ya Kujenga Tovuti ya Afya, Muulize Mgeni Anaumwa Wapi

Ukiingia kwa daktari naye akaanza kukusimulia chuo alikosomea, mwaka aliofungua kliniki na majina ya waliompa vifaa, utafanya nini? Ukiwa na subira utangoja kidogo. Ukiwa na maumivu utaondoka. Hivyo ndivyo zilivyo tovuti nyingi za miradi ya programu za kompyuta zinazotumika hospitalini. Hujieleza zenyewe kabla ya kumuuliza mgeni kilichomleta.

Usidhani ni jambo la wataalamu wa kompyuta peke yao. Linagusa afya yako.

Hasara humwangukia mgonjwa

Chukulia zahanati ndogo hapa Kapsoit, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu. Wagonjwa wake ni wakulima na wachumaji wa majani chai, na wengi hubeba historia ya ugonjwa wao katika daftari la shule. Mvua ya huku haina mzaha: daftari hulowa, huchanika, au husahaulika nyumbani. Mama mwenye shinikizo la damu hufika mikono mitupu, asikumbuke jina la tembe alizopewa mjini. Mwingine hudhurika na penisilini, lakini muuguzi aliyelijua hilo alihamishwa. Kosa la namna hiyo laweza kuua.

Sasa afisa wa kliniki anaamua kutafuta programu ya kutunza rekodi. Ana simu, bando dogo, na nusu saa kabla ya foleni ya alasiri. Anafungua tovuti ya mradi na kukuta picha kubwa zinazomaliza bando, nembo za wafadhili, na maneno ya mafundi. Yeye anataka kujua mambo matatu tu. Umeme ukipotea itafanya kazi? Itagharimu pesa ngapi? Nani atawafunza wauguzi? Asipopata jibu, anarudi kwenye daftari.

Funzo kutoka Mosoriot

Tuna mfano mzuri hapa hapa Bonde la Ufa. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, eneo la Nandi, kilianza kutumia rekodi za kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watafiti walipima muda wa wagonjwa kabla na baada ya mabadiliko hayo. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22.

Mwaka 2004, mzigo wa kuwatunza wagonjwa wengi wa UKIMWI mjini Eldoret ulizaa wazo la programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika huko mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR iliyo katika vituo vingi vya umma nchini imejengwa juu yake. Haiuzwi. Yeyote anaweza kuichukua na kuibadili.

Uhuru huo ndio unaofanya tovuti ya mradi wa aina hii iwe kazi ngumu, kwa maana wanaobisha hodi hawafanani. Kuna mkuu wa kituo anayepima kama programu itamfaa, fundi anayetaka kuiweka, na kijana anayetaka kuchangia kazi yake. Kuna afisa wa kaunti anayeuliza gharama. Kuna pia muuguzi aliyekwama, huku mgonjwa amekaa mbele yake.

Chukua historia kwanza

Ikiwa wewe ni mtengenezaji wa programu, fuata utaratibu wa daktari:

1. Orodhesha wageni wako, kisha uzungumze na wachache wa kila aina. Usibuni mahitaji yao ukiwa ofisini Nairobi.

2. Andika swali kuu la kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Hayo ndiyo yawe milango ya ukurasa wa kwanza. Historia ya mradi na nembo zikae nyuma.

3. Anayeumia zaidi ahudumiwe kwanza. Msaada wa muuguzi aliyekwama uonekane mara moja, bila kupekua.

4. Weka mahali pa kujaribu programu kwa wagonjwa wa kubuni, mtu aione kabla ya kuamua.

5. Eleza waziwazi nani ataona siri za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti.

6. Pima. Mpe muuguzi simu ya kawaida, mwombe atafute jibu moja, kisha unyamaze na kutazama. Anapopotea ndipo penye ugonjwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Anayeuliza swali lile lile mara kwa mara anakuonyesha kidonda cha tovuti yako. Mshukuru, kisha ukitibu.

Nawe msomaji usiye fundi, usingoje kompyuta ifike zahanati ya kwenu. Andika kwenye karatasi majina ya dawa unazotumia, kipimo chake, na dawa zinazokudhuru. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho chako. Kinga ni bora kuliko tiba.