Kabla ya kulipia programu ya miradi, mwulize aliyeko Ukara

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupanga kazi kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu; mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika mwaloni na watu hushona nyavu. Ukiendesha mradi wa kuboresha ukaushaji wa dagaa Kayenze au Ukerewe, utalijua hilo mapema: ukiitisha mafunzo asubuhi wakati wa giza, utaongea na viti, maana waliokesha majini wamelala.

Sasa meneja aliyeko Mwanza mjini analipia programu ya kusimamia miradi, nayo kila Jumatatu saa mbili asubuhi inamwandikia kila mtu kuwa amechelewesha kazi. Baada ya miezi miwili, anayeifungua ni meneja peke yake.

Trello, Asana, Jira, ClickUp, Microsoft Project: mabishano ya ipi ni bora yanachosha, na naona hayana faida kubwa. Kwa timu ndogo, zote zinajibu maswali yaleyale: nani anafanya nini, hadi lini, na amefika wapi. Mshindani wao halisi huku kwetu ni kundi la WhatsApp, na si mshindani wa kudharau. Linafunguka kwenye simu ya bei ndogo, linakula bando kidogo, na fundi asiyependa kuandika anatuma sauti. Ubaya wake ni kwamba uamuzi uliofikiwa Jumanne, ikifika Alhamisi umezikwa chini ya rambirambi, picha za harusi na mafaili matatu ya bajeti, kila moja likiitwa “ya mwisho kabisa”. Programu mpya inatakiwa kutunza maamuzi hayo. Ikijaribu kuliua kundi, itakufa yenyewe.

Zipo kazi zisizoendeshwa kwa WhatsApp. Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita tatu kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema, lilianza kujengwa mwaka 2020 na kuzinduliwa Juni 19, 2025. Katika ujenzi wa aina hiyo, nguzo isiposimama sitaha haiwekwi, na siku moja iliyopotea mwanzoni inasukuma mamia ya kazi zinazofuata. Hapo ndipo programu nzito kama Primavera zinapostahili bei yake, kwa kuwa huonyesha kazi ipi ikichelewa mradi mzima unachelewa. Timu ya watu wanane wanaochimba visima Kwimba haina haja ya mzigo huo. Jedwali la Excel lenye mwenyewe anayelihuisha linatosha. (Na kusema kweli, daraja lile limenyoosha ratiba za ofisi nyingi za Mwanza kuliko programu yoyote, kwa kuwa foleni ya kivuko kilichokuwepo kabla yake haikuwa ikipangika.)

Ila anayekwenda kisiwa cha Ukara bado anategemea kivuko, na huko ndiko programu inakopaswa kupimwa. Zima data kwenye simu, kisha jaribu kuandika kuwa kazi imekamilika. Programu nyingine zinapokea na kutuma baadaye mtandao ukirudi; nyingine zinazungusha kiduara tu. Si suala la visiwani pekee: Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, hata waliokuwa katikati ya jiji walikaa wakisubiri kurasa zifunguke. KoboToolbox, inayotumika sana kukusanya takwimu, imependwa na wafanyakazi wa nyanjani kwa sababu fomu zake hujazwa bila mtandao, tena kwa Kiswahili. Haigawi kazi wala kufuata ratiba, lakini imeweka kipimo ambacho wauzaji wengine wanapaswa kukifikia.

Bei nayo ina mtego. Nyingi hutozwa kwa dola, kwa kichwa, kwa mwezi. Dola 10 inaonekana ndogo, lakini kwa watu 15 ni dola 1,800 kwa mwaka, na mfadhili akiondoka bili haiondoki naye. Trello ya bure inaishia watu 10. OpenProject na Redmine unaweza kuziweka kwenye seva yako bila kulipia leseni. Gharama yake ni kijana wa kuitunza seva hiyo, ambaye siku akipata kazi Dar es Salaam anaondoka na ujuzi wote kichwani.

Wauzaji wakubwa nao hubadili mawazo. Atlassian iliacha kuihudumia Jira Server, iliyowekwa kwenye seva za wateja, Februari 15, 2024, na Microsoft imetangaza kuifunga Project Online Septemba 30, 2026. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji siku ya kwanza ni namna ya kutoka: kazi zetu, maoni yetu na viambatisho vyetu tutavitoaje, na vitasomeka kwenye Excel?

Jingine ni majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, na programu hizi nyingi hutunza data nje. Timu ya afya inayoandika jina la mgonjwa kwenye kadi ya kazi ili tu asisahaulike inajiingiza matatani pasipo sababu. Namba ya faili inatosha.

Ningechagua programu mbili tu, nikampa kila moja kwa wiki mbili yule mfanyakazi aliye mbali zaidi na ofisi, mwenye simu mbovu kuliko wote, bila kumfanyia semina. Asiyoigusa ningeifuta. Nyingine ningeifungulia akaunti kwa barua pepe ya ofisi, kamwe si ya afisa ambaye mkataba wake unaisha Desemba.