Majani makavu ya Lukuledi: mtaji hulala miezi minne

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa korosho wa Masasi na Newala hushika fedha minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo, Juni hadi Septemba, mfuko huwa mtupu, na kumbe hiyo ndiyo miezi bora ya kukausha majani. Kwa mwenye mtaji mdogo pale Lukuledi, barabara ya Masasi–Nachingwea, manukato ya nyumbani ya mchaichai, kivumbasi na mrehani yanastahili kupigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe iko kwenye maji. Kilo 40 za majani mabichi hutoa takriban kilo 10 makavu. Ukifunga vifuko vya gramu 20 unapata 500. Ondoa mabua na vumbi, baki na 450 hivi. Anayekubali bei ya majani mabichi bila kupiga hesabu hii anakula mtaji wake mwenyewe.

Majani hukaushwa kivulini, juu ya chanja. Jua kali huondoa harufu, na harufu ndiyo mali. Jani likivunjika vidoleni liko tayari, likijikunja, bado. Fungu moja lenye unyevu huotesha ukungu gunia zima.

Tatizo kubwa ni muda. Majani ya Julai hupata wateja wengi Novemba, korosho zikishalipwa na harusi zikianza. Kwa miezi minne fedha imelala, na mzigo usiofungwa ndani ya madebe yenye vifuniko vya kubana utabaki nyasi tupu. Karafuu na mdalasini husaidia harufu kudumu. Karafuu za Unguja na Pemba zina sheria zake na mnunuzi wake, ZSTC, kwa hiyo asikudanganye mtu wa magendo. Bara karafuu hulimwa Morogoro, na mdalasini hupatikana Muheza.

Kusini ina historia katika biashara hii. Karne ya 19 sandarusi, utomvu wa msandarusi, ilichimbwa pwani hii na kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Mbichi iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ya chini. Meli hizo hizo zilileta kitambaa cha marikani, ambacho hata leo kinafaa sana kushonea vifuko. Vanishi za viwandani ziliua soko lile, lakini sandarusi bado hufukizwa kwenye chetezo.

Hata hivyo sandarusi ni zao la msitu: pata kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Msandali ni hatari zaidi. Tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na lori likikamatwa mtaji wote umekwenda. Mchaichai wa shambani kwako hauna kesi hiyo.

Anayeanza aweke vifuko 50 katika maduka mawili au matatu ya Masasi mjini, kwa mali kauli, kabla ya kukausha gunia la pili.