Mtafika Saa Ngapi?

Ndugu wasikilizaji, mtu anapopeleka habari kwamba anakuja na watoto kuwasalimu jamaa, mwenyeji huuliza jambo moja: mtafika saa ngapi? Juma hili nawapeleka jangwani, kusini-magharibi ya Marekani, ambako swali hilo dogo lina majibu mawili.

Tuchukue mfano. Familia inatoka Phoenix, mji mkuu wa jimbo la Arizona, likizo ya Julai. Inalala kwa rafiki Flagstaff, na kesho yake inakwenda kwa shangazi aliyeolewa Window Rock, makao makuu ya Taifa la Navajo.

Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja tangu Machi hadi Novemba, ili mwanga wa jioni udumu. Arizona iliukataa mtindo huo mwaka 1968. Sababu si ngumu. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 na zaidi. Nani huko ataliomba jua lichelewe kuzama?

Lakini ardhi ya Wanavajo inaingia pia katika majimbo ya Utah na New Mexico, yanayosogeza saa. Ili watu wao wote wawe na saa moja, Wanavajo nao wanasogeza, hata walioko Arizona. Na katikati ya Wanavajo wanaishi Wahopi, waliozungukwa pande zote, ambao wanafuata saa ya Arizona.

Basi familia yetu ikipitia Tuba City na vijiji vya Wahopi, saa inakwenda mbele, inarudi nyuma, kisha inakwenda mbele tena. Saa ya baba ikionyesha nane mchana, ya shangazi inaonyesha tisa. Chakula kimepoa, mama anauliza kulikoni, na baba anakanyaga mafuta.

Hapo ndipo penye hatari. Julai ni majira ya mvua za radi jangwani. Ardhi imekauka ikawa ngumu, haiwezi kunywa maji mengi kwa mara moja. Maji yote hukimbilia makorongo, na korongo lililokuwa kavu asubuhi hugeuka mto kwa dakika chache. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, kwenye ardhi hiyo hiyo ya Wanavajo. Mvua iliyowaua haikuwanyeshea wao. Ilinyesha mbali, maji yakawafuata.

Arizona ina sheria tangu mwaka 1995: dereva anayekizunguka kizuizi na kuingia barabara iliyofurika anaweza kutozwa gharama za kuokolewa. Wenyewe wameipa jina la sheria ya dereva mpumbavu. Lakini faini inamfaa aliyeokolewa tu.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mgeni wa huko aulize kwanza: saa tisa kwa saa ya nani? Na akikuta maji yamekata njia, azime gari mahali palipoinuka, awape watoto maji ya kunywa na kungoja. Shangazi atanuna kidogo. Chakula kitapashwa moto, na wageni watakuwepo wa kukila.

Kwaherini, hadi juma lijalo.