Mwarabu kwa Karatasi

Ndugu msomaji, hebu pita Mji wa Kale, hapa Mombasa, uulize watu wanne kabila lao. Mmoja atasema Mwarabu, wa pili Mmvita, wa tatu Mkilindini, na wa nne atakuuliza, "Wanitakiani?" Usimcheke huyo wa nne. Wazee wake walijifunza kwamba jibu la swali hilo lina bei.

Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa asili. Sheria ya kodi ya 1910 ilimhesabu Mswahili kuwa "mwenyeji", Mwarabu akawekwa kando. Neno hilo lisikudanganye, halikuwa la heshima hata kidogo! Kufikia 1920 mwanamume "mwenyeji" wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Na Waarabu walipopewa mjumbe wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria miaka hiyo ya 1920, Thenashara Taifa, wenye mji wao, wakaambiwa kura si yao.

Basi wakafanyaje? Wengine waliungana, na 1927 wakaunda Afro-Asian Association kudai haki sawa na Waarabu. Wengine walivuka kimyakimya. Wala usidhani ni mambo ya rangi ya ngozi. Mjini nasaba hufuata baba: mtoto wa Mwarabu na suria mweusi alikuwa Mwarabu, hapana mjadala. Kwa hiyo aliyetaka kuvuka hakujipaka poda. Aliongeza nisba mwishoni mwa jina, akatafuta mzee wa kumshuhudia, kisha akanyamaza kuhusu babu yake wa kweli. Hapo ndipo penye uchungu. Fikiria ami yako aja arusini, kofia mkononi, nawe wajifanya humjui, ati asije akakuumbua mbele ya wakwe!

Mwaka wa 1952 Thenashara Taifa wakapewa kura pamoja na Waarabu. Walifurahi, lakini haikudumu: 1963 uhuru ukaja, na ule Uarabu uliotafutwa kwa jasho ukageuka mzigo. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Mji wa Kale akienda kuomba kitambulisho, aliambiwa alete karatasi za babu yake. Na babu, kwenye karatasi zile, ameandikwa Mwarabu.