NGAO YA NYATI NA DERAYA YA CHUMA

Katika mjadala mmoja wa chama chetu, mwenzangu alisimama akasema ati Wazungu wa kale walipokuwa wakienda vitani wamevaa chuma, babu zetu Wamaasai walijifunga shuka tu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa upande wa upinzani na sikuwa na jibu. Niliketi kama kuku aliyenyeshewa. Jibu ninalo sasa, ingawa limechelewa.

Tuanze na hao Wazungu wenyewe. Vazi lao lilikuwa deraya, yaani shati la pete ndogo ndogo za chuma, kila pete imeshikana na nyingine nne. Shati moja lilikuwa na maelfu ya pete na uzito wa kilo kumi au zaidi. Upanga haukulikata kwa urahisi. Lakini mshale ni kitu kingine. Nguvu zake zote hukusanyika kwenye ncha iliyo ndogo kuliko ukucha, na ncha nyembamba ikiingia katikati ya pete huweza kuipasua.

Basi nani alimwokoa askari? Kitambaa! Chini ya chuma walivaa koti nene lililoshonwa tabaka juu ya tabaka, au kujazwa pamba na sufu. Sisi tunaokuja shule kwa miguu tunaijua miiba ya mgunga. Ukivaa ndala, mwiba unapita mara moja. Ukivaa akala za tairi, mwiba unaingia kweli, lakini mpira unaubana, unauchosha, na haufiki kwenye nyama. Hivyo ndivyo lile koti lilivyofanya kazi. Mwaka 1191, katika vita vya Msalaba kule Palestina, Bahauddin aliyekuwa mtumishi wa Sultani Salahuddin aliwaona askari wa miguu wakiendelea kutembea huku wamechomwa mishale hadi kumi mgongoni! Karne tatu baadaye mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa aliagiza makoti ya askari wake yawe na tabaka 25 hadi 30 za kitambaa, na ngozi ya kulungu juu yake.

Sasa turudi nyumbani. Kwanza, hebu mvalishe mtu tabaka 30 za kitambaa hapa Magadi saa nane mchana uone kama atafika hata kwenye daraja la ziwa! Lakini hilo ni dogo. Jambo kubwa ni sumu.

Majirani wetu Wakamba, tuliokuwa tukinyang'anyana nao ng'ombe katika nyanda za Kaputiei, walikuwa mafundi wa upinde. Mishale yao waliipaka sumu ya mti ambao kwa Kimaasai huitwa olmorijoi. Sumu hiyo huushika moyo, nao huacha kupiga. Rafiki yangu Mkamba, ambaye baba yake anafanya kazi ya magadi, huniambia kwa utani kwamba ningezaliwa zamani nisingefika kidato cha tatu.

Sasa mfikirie tena yule askari wa mwaka 1191. Mishale yake kumi ilikwama kwenye koti, na labda miwili mitatu ilimchoma kidogo akatoka damu. Kwake ni kidonda tu. Mbele ya Wakamba, tundu moja kama hilo lingeweza kuwa kifo. Kinga inayogusa mwili haitoshi. Ncha inatakiwa isimamishwe mbali na ngozi kabisa, na kitu cha kuisimamisha hapo ni ngao.

Nilimwendea babu. Niliinamisha kichwa akanigusa, nikamwuliza juu ya elong'o. Alisema ngozi iliyopendwa ni ya nyati, na ya shingoni ndiyo nene. Waliitandaza, wakaikausha hadi ikawa ngumu kama ubao, wakaishona kwenye fremu ya mti iliyopinda. Ule mviringo haukuwa wa urembo. Mshale ukija mshazari huteleza ukaenda zake. Ukija wima, ngozi huushika, na kati ya ncha na kifua kuna urefu wa mkono. Urembo ulikuwa ile michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, sirata, iliyoonyesha shujaa ni wa rika na ukoo gani. Ngao hiyo ndiyo iliyo kwenye bendera yetu tangu 1963.

"Yetu iko wapi, babu?" nikauliza.

Akanyamaza kidogo. Kumbe ya baba yake aliiuza kwa mtalii ili baba yangu alipiwe karo! Ilikuwa na matundu mawili, akasema, na hakuna lililopita upande wa pili.

Ijumaa hiyo nilimnunulia ngao ndogo ya barabarani Kitengela, zile za wageni. Aliitazama, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. "Hii ni mbuzi," akasema, akaitundika juu ya mlango.