Kamba Mwenye Ngumi

Kama unakaa pwani unawajua kamba wa kuliwa. Lakini yuko mnyama mwingine anayefanana nao. Huyu hukunja mikono yake mbele ya kifua, kama yule mdudu aitwaye vunjajungu. Si mdudu, wala si kamba hasa. Ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa.

Wanyama hawa wako aina zaidi ya 400. Wengine wana miiba mirefu mikononi, nao huchoma samaki. Wengine wana kirungu kigumu, nao hupiga. Leo tutamsoma mmoja wa hao wapigaji. Wataalamu humwita Odontodactylus scyllarus.

Mnyama huyu ni mzuri kumtazama. Ana rangi ya kijani, buluu na chungwa. Akikua sana hufikia sentimita 18, yaani karibu sawa na mkono wako kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole. Hukaa katika shimo chini ya miamba ya matumbawe, penye mchanga na changarawe, katika maji ya kina cha meta 3 hadi 40.

Chakula chake ni konokono wa baharini, kaa na chaza. Je, anawezaje kuvunja magamba yao? Mkono wake hufanya kazi kama upinde. Kwanza huuvuta na kuufunga. Kisha huufyatua ghafla. Mwaka 2004 wataalamu huko Marekani walipima pigo hilo kwa kamera ya kasi. Waliona mkono ukikimbia kupita kilometa 80 kwa saa, tena ndani ya maji! Kasi hiyo huyatenga maji, na mapovu hutokea. Mapovu nayo hupasuka kwa nguvu. Kwa hiyo konokono hupigwa mara mbili: kwanza na kirungu, halafu na mapovu.

Na macho yake? Jicho la binadamu lina aina 3 za chembe za kupokea rangi. La huyu lina 12. Tena kila jicho hugeuka peke yake.

Mnyama huyu anapatikana kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka kisiwa cha Guam katika bahari ya Pasifiki. Kaskazini yuko Japani, na kusini yuko Australia. Amefikaje kote huko, naye hukaa shimoni? Mama huyabeba mayai kwa mikono yake mpaka yaanguliwe. Watoto ni wadogo mno. Huelea na kuchukuliwa na mkondo wa bahari, kisha hushuka chini na kutafuta mashimo yao.

Sasa tuseme juu ya vidole vyako. Huyu tuliyemsoma hukaa majini zaidi, lakini jamaa zake wadogo wako hata kwenye miamba inayoachwa na maji ya bamvua. Hapo ndipo kina mama hutafuta pweza. Usitie mkono katika shimo usilolijua. Tumia kijiti. Ukimkuta mnyama huyu wavuni, usimshike kwa mkono mtupu, maana anaweza kuupasua mpaka damu itoke. Ukung'ute wavu aanguke mwenyewe. Akikuumiza, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Likivimba, nenda zahanati siku hiyo hiyo.